UZI: Riwaya za Kijapani za kisasa, anza na vitabu vya watu wanaotafuta riziki

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Kila baada ya muda anaingia mtu humu na kuuliza, "Nataka kuwasoma Wajapani, nianze na nani?" Karibu wote wanamjibu Haruki Murakami, halafu anatokea mmoja na kile kitabu cha mgahawa wa kahawa au chenye paka kwenye jalada. Nimeona nifungue uzi, nimwage yangu yote, tubishane hapa hapa.

Msimamo wangu: fasihi ya Kijapani tunauziwa kama maua ya micheri, chai, ukimya, na huzuni isiyojulikana imetoka wapi. Vitabu vilivyonishika mimi vina vibarua, kodi ya nyumba, posa zinazokwama, mwajiri mnoko, na mtu wa mkoani aliyejenga jiji ambalo baadaye likamfukuza kwenye bustani zake. Msomaji wa Mbagala hahitaji maelezo ya utangulizi kuyaelewa hayo. Anza huko. Hao wa maua utawafikia ukiwa tayari umewazoea.

Cha kwanza ni Convenience Store Woman cha Sayaka Murata. Kwa Kijapani ni Konbini Ningen, kilitoka 2016 na kupata tuzo ya Akutagawa mwaka huo huo. Kiingereza chake ni cha Ginny Tapley Takemori, 2018. Konbini ni yale maduka madogo ya kila kona yasiyofungwa usiku wala mchana: unapata wali wa kufungwa, soksi, unalipia bili ya umeme. Keiko ana miaka 36, na miaka 18 kati ya hiyo ameitumia kuwa kibarua kwenye duka moja. Mwongozo wa wafanyakazi ndio uliomfundisha kuishi na watu: salamu gani, sauti ipi, uso uweje. Ndugu na marafiki hawana raha naye, wanataka aolewe au apate kazi ya maana. Basi anamwingiza nyumbani jamaa mmoja, Shiraha, mvivu, mlalamishi, mwisho wa siku anaishi bafuni kwake na kulishwa bure. Na hapo ndipo kila mtu anampongeza! Sasa ana mwanaume, hata kama mwanaume mwenyewe ni mzigo wa kubebwa. Nilicheka, kisha nikawafikiria mashangazi zangu. Murata alikuwa bado anafanya kazi kwenye konbini alipopata tuzo, na inaonekana kwenye maandishi. Anajua mlio wa chupa inayoteremka mbele kwenye friji mteja anapochukua ya mwanzo.

Cha pili, Yoko Ogawa, The Housekeeper and the Professor, 2003. Msimulizi ni dada wa kazi, analea mtoto peke yake, anatumwa na wakala kwenye nyumba ambayo wenzake wengi wameshindwa kukaa. Anayeishi humo ni profesa wa hisabati aliyepata ajali ya gari mwaka 1975; tangu hapo kumbukumbu yake mpya inadumu dakika 80 tu. Kila asubuhi anamwona dada kwa mara ya kwanza, na kila asubuhi anamuuliza anavaa kiatu namba ngapi. Ishirini na nne. Namba nzuri hiyo, anasema, ni 1 × 2 × 3 × 4. Kuna ukurasa anaokota tarehe ya kuzaliwa ya dada, 20 Februari, anaiandika 220, na nyuma ya saa yake ya mkononi pana 284. Jumlisha vigawanyo vyote vya 220 bila yenyewe, unapata 284. Fanya hivyo kwa 284, unapata 220. Niliweka kitabu chini nikachukua kalamu kuhakiki. Watu wanakisifia kwa upole wake, sawa, lakini msisahau kwamba yule dada anaondolewa kazini kwa malalamiko ya simu kwa wakala, bila kuulizwa upande wake.

Cha tatu ndicho nitakachowalazimisha. Tokyo Ueno Station cha Yu Miri, 2014, tafsiri ya Morgan Giles. Kilipata tuzo ya kitaifa ya Marekani ya vitabu vilivyotafsiriwa mwaka 2020. Mwandishi amezaliwa Japani kwenye familia ya Kikorea, kwa hiyo suala la nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji hakulisoma vitabuni. Msimulizi ni Kazu, na ameshakufa. Alizaliwa 1933, mwaka mmoja na Akihito, aliyekuwa mfalme wa Japani hadi 2019. Mwanawe wa kiume akazaliwa siku moja na mwana wa mfalme. Kufanana kwao kunaishia hapo. Kazu anatoka Fukushima, anakwenda Tokyo kubeba zege la viwanja vya Olimpiki ya 1964, anatuma hela nyumbani maisha yake yote, watoto wanamjua kama mgeni anayekuja sikukuu. Uzeeni anaishia kulala kwenye hema la turubai bustani ya Ueno. Familia ya kifalme ikitaka kutembelea majumba ya makumbusho yaliyomo mle, tangazo linabandikwa: funga virago, ondoa hema, utarudi jioni. Mnaokumbuka bomoabomoa na operesheni za kuondoa wamachinga mtajua kwa nini sikulala.

Cha nne ni kinene na cha zamani kidogo, ila ni burudani tupu: The Makioka Sisters cha Junichiro Tanizaki. Mabinti wanne wa ukoo wa Osaka uliokuwa na hela zamani. Wa tatu, Yukiko, amefika thelathini hajaolewa, na wa nne haruhusiwi kuolewa kabla ya dada yake. Kitabu kizima ni posa. Washenga wanakuja, picha zinapelekwa, ukoo wa mchumba unapelelezwa kama kuna ugonjwa au kichaa, watu wanakula pamoja hotelini wakichunguzana kwa pembe ya jicho. Kilianza kutoka kwenye jarida mwaka 1943, wanajeshi wakakisimamisha, eti nchi iko vitani na mtu anaandika habari za kimono na wachumba. Akaendelea kuandika. Mwisho wake siwaambii, ila Yukiko yuko kwenye treni na tumbo linamsumbua. Sijawahi kuona riwaya kubwa ikimalizwa kwa ujasiri namna hiyo.

Karibuni, na mnaokuja kusema "Murakami kasahaulika" nimewaona tangu mbali.

#2 Dereva wa Usiku

Natia nanga hapa. Hicho cha duka nilikisoma kwenye simu nikisubiri abiria, nikakimaliza alfajiri. Swali: mbona vingi ni vyembamba? Silalamiki, napenda.

#3 Mleta uzi

Mkuu, tuzo ya Akutagawa inachangia sana. Ilianzishwa 1935, inatolewa mara mbili kwa mwaka kwa waandishi wanaochipukia, na inalenga kazi fupi au za wastani zilizotoka majaridani. Konbini Ningen chenyewe kilitoka kwanza kwenye jarida la Bungakukai. Mwandishi chipukizi anayeitaka tuzo haandiki kurasa 600. Na ukishinda, magazeti yote yanakutaja, kwa hiyo hizo fupi ndizo zinazofika kwa watafsiri.

#4 Bint Makadara

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mie ni wa Murakami na sioni haya. Mwatuambia tusianze naye, lakini wangapi humu wangefika kwa huyo Ogawa kama hawakupita kwanza Norwegian Wood? Mlango ni mlango. Isitoshe mwamsema kana kwamba ni wa paka na muziki wa jazi tu. Someni The Wind-Up Bird Chronicle, sehemu ya yule luteni mzee anayesimulia mpaka wa Manchuria na Mongolia, mwenzake akichunwa ngozi mbele yake. Pale hapana kahawa. Ni mwandishi Mjapani anayeuliza jeshi la nchi yake lilikwenda kutafuta nini bara.

Na jueni kwamba nakala ya Kiingereza ya kitabu hicho imekatwa, yapata maneno 25,000. Mtafsiri Jay Rubin mwenyewe amelieleza hilo. Mchapishaji alitaka kifupi. Kwa hiyo mnaosema "kuna mahali kinaruka" hamkukosea.

#5 Mleta uzi

Dada yangu, yule luteni nakupa bila ubishi, ni kurasa bora kuliko zote alizoandika. Shida yangu na Murakami kama mlango ni wanawake wake. Wanatoweka, wanapiga simu, wanalala na msimulizi kisha wanamwelezea maisha. Mtu akianza na hao atadhani ndivyo Wajapani wanavyoandika wanawake, halafu akimkuta Mieko Kawakami anashtuka.

Maana Breasts and Eggs inaanza na umaskini: ukitaka kujua mtu alikulia maskini kiasi gani, muulize nyumba yao ilikuwa na madirisha mangapi. Makiko ni mhudumu wa baa Osaka, umri unamtupa mkono, amekuja Tokyo kutafuta daktari wa kumwongezea matiti. Binti yake haongei naye kabisa, anaandika kwenye daftari. Nusu ya pili inahusu dada wa Makiko anayetaka mtoto bila mume, na inachosha kidogo katikati, nakiri, lakini hakuna mwanamke mle anayetoweka kwa ajili ya kumfundisha mwanaume jambo.

Angalizo kwa wanunuzi: kuna Mieko Kawakami na kuna Hiromi Kawakami. Hawana undugu. Wa pili ndiye wa Strange Weather in Tokyo, mwanamke na mwalimu wake mzee wanaokutana baa. Kitamu, kifupi.

#6 Mzee Kobe

Vijana, mmenichokoza. Mleta uzi umewatupa Kawabata na wenzake kwenye kapu la maua ukaendelea na safari. Soma tena Snow Country. Shimamura ni mtu wa hela za kurithi, hana kazi, anajiita mtaalamu wa baleti ya Ulaya na hajawahi kuiona hata moja jukwaani. Komako ndiye anayefanya kazi. Anaitwa kwenye karamu hii na ile, anapiga shamisen, ala yao ya nyuzi, anarudi usiku wa manane amelewa kwa sababu kulewa ni sehemu ya kibarua. Ana mkataba. Watu wanasema aliingia kazi hiyo kulipia matibabu ya mtu. Na bado anaweka madaftari ya kila alichosoma, mwandishi nani, wahusika gani. Shimamura anamwambia ni juhudi za bure. Yeye, asiyejua bei ya kitu chochote! Kwa kipimo chako mwenyewe hicho ni kitabu cha riziki, na mwenye kitabu alipata Nobeli 1968.

Theluji inawapumbaza wasomaji, hilo ndilo tatizo lenu.

#7 Mleta uzi

Mzee wangu shikamoo. Komako nakupa. Ila tatizo langu liko palepale: kitabu kizima tunamtazama kwa macho ya Shimamura. Yeye anachoka, anapanda treni, anarudi kwa mkewe. Ningelipa hela nyingi kupata yale madaftari ya Komako.

#8 Mzee Kobe

Marahaba. Ungeyapata usingeyasoma, ungesema hayana msisimko.

#9 Mwalimu wa Kondoa

Naomba kuuliza kwa sisi wa mshahara wa serikali. Vitabu hivi vipya vikifika nchini bei yake ni ya kununulia mbuzi. Kuna cha bure, cha halali?

#10 Mleta uzi

Kipo, na wewe hasa kinakuhusu. Botchan cha Natsume Soseki, 1906. Tafsiri yake ya zamani ya Kiingereza iko Project Gutenberg, unapakua bila senti, ina Kiingereza cha kizee lakini inasomeka. Kijana wa Tokyo, mdomo hauna breki, anapangiwa kufundisha hisabati shule ya mbali kisiwani Shikoku. Wanafunzi wanamjazia panzi kitandani. Anakwenda kula tambi za tempura, bakuli nne, kesho yake asubuhi anakuta limeandikwa ubaoni. Ofisi ya walimu ndiyo usiseme: kila mtu kampa jina la utani, kuna Shati Jekundu mwenye maneno laini anayempora mwenzake mchumba na kumfanyia mpango wa uhamisho. Soseki mwenyewe alifundisha Matsuyama mwaka 1895, alijua anachokiandika.

Ukimaliza hapo utafute Kokoro, 1914, ni mwandishi yule yule ila kicheko kimekwisha.

#11 Mpita Njia

Na Kazuo Ishiguro mbona hamumtaji?

#12 Mzee Kobe

Alizaliwa Nagasaki 1954, akahamia Uingereza ana miaka mitano, anaandika kwa Kiingereza. Msome sana, ila ni mwandishi wa Uingereza. Tukimwingiza yeye uzi utaliwa na ubishi huo.

#13 Bint Makadara

Nimekuja na Kenzaburo Oe, kwa sababu yatuhusu. A Personal Matter, 1964. Kijana aitwaye Bird, mkewe yu hospitali anajifungua, naye yuko dukani ameduwaa mbele ya ramani ya Afrika. Ndoto yake ni kuja huku. Mtoto azaliwa na uvimbe kichwani, baba anaanza kutamani mtoto afe mwenyewe bila yeye kushika dhambi. Anaingia darasani na mning'inio wa pombe, anatapika mbele ya wanafunzi wake, analala kwa mwanamke mwingine, na muda wote huo zile ramani za barabara za Afrika hazimtoki.

Mara ya kwanza nilikasirika. Afrika yake haina mtu hata mmoja, ni mahali pa kukimbilia mtoto wako. Lakini nikisoma naona Oe yuajua hilo. Aifanya ramani iwe aibu ya Bird. Na mwandishi mwenyewe alipata mtoto wa hali hiyo mwaka 1963, Hikari, ambaye alikuja kuwa mtunzi wa muziki. Wengi, Mishima akiwemo, waliulaumu ule mwisho kuwa ni mwepesi mno. Mie nasema mtu aliyeishi na jambo lenyewe ana haki ya kulimaliza apendavyo. Nobeli akapata 1994.

#14 Dereva wa Usiku

Jamani mbona wengi wao walijiua? Nimeangalia majina: Akutagawa, Dazai, Mishima. Nimeogopa kumpa mdogo wangu.

#15 Mleta uzi

Swali zito, mkuu. Usimpe No Longer Human cha Dazai kama dogo yuko kwenye kipindi kigumu, na usimwambie kwamba ndicho kitabu kinachopendwa na vijana wenzake, hata kama ni kweli. Kilitoka 1948, mwaka aliokufa mwandishi, na watu wanakisoma kama wosia. Mimi nakiweka rafu moja na Kichwamaji cha Kezilahabi: msimulizi mwenye akili nyingi anayejidharau, na mwandishi anayemwona wazi kuliko anavyojiona. Ukikisoma kwa jicho hilo, Yozo, huyo msimulizi wa Dazai, hageuki shujaa. Kwa mdogo wako anza na Ogawa, au kama anaonewa shuleni, Heaven cha Mieko Kawakami, mwambie mtakisoma pamoja.

Ila tusiwafanye wote wafu. Kuna Saou Ichikawa, kapata Akutagawa 2023 kwa Hunchback. Ana ulemavu mzito wa misuli, na msimulizi wake pia. Kuna ukurasa anawashambulia wapenzi wa vitabu vya karatasi, wale wa "harufu ya kitabu": anasema ili usome kitabu cha karatasi lazima uwe na macho, uti wa mgongo wa kukaa, mikono ya kukishika na kufunua kurasa, na uweze kwenda dukani. Nimeacha kabisa kuwasimanga wanaosoma kwenye simu.

#16 Mwalimu wa Kondoa

Je, nikitaka kuona hizi hadithi kwa Kiswahili, kikwazo ni hakimiliki?

#17 Mzee Kobe

Kwa wa zamani, huko kwao si kikwazo. Japani iliongeza ulinzi kutoka miaka 50 hadi 70 baada ya kifo, Desemba 2018, lakini waliokwisha kutoka hawakurudishwa ndani. Soseki alifariki 1916, Akutagawa 1927, Dazai 1948, Tanizaki 1965: wote wako huru. Mishima, aliyefariki 1970, atangoja hadi 2041. Maandishi ya Kijapani ya hao walio huru yamejaa kwenye maktaba ya mtandaoni ya Aozora Bunko, iko tangu 1997. Ila ukichukua tafsiri ya Kiingereza ya miaka ya karibuni ukaigeuza Kiswahili, hiyo ina mwenyewe. Tunahitaji mtu anayejua Kijapani, aanze na hadithi fupi za Akutagawa. In a Grove, maiti moja, mashahidi kadhaa, kila mmoja na lake. Kurasa chache tu. Vijana waliosoma huko kwa ufadhili wapo, waache kututumia picha za treni.

#18 Mwalimu wa Kondoa

Nimeshaanza Botchan. Huyu Shati Jekundu ninaye shuleni. Siendelei kueleza.

#19 Dereva wa Usiku

Mimi nachukua Ueno. Baada ya hapo?

#20 Mleta uzi

Baada ya hapo Kobo Abe, The Woman in the Dunes, 1962. Mwalimu anakwenda pwani kukusanya wadudu, wanakijiji wanamlaza kwenye nyumba iliyo chini ya shimo la mchanga, asubuhi ngazi ya kamba imeondolewa. Kazi yake na ya mjane aliyemo: kuchota mchanga kila usiku la sivyo nyumba inazikwa. Na mchanga ule wenye chumvi kijiji kinawauzia wajenzi kwa siri, bei ya chini. Mwalimu anang'aka kwamba majengo yataanguka. Mjane anamjibu kwa maana ya kwamba hayo ya watu wengine yanamhusu nini yeye. Nataka nisikie dereva na mwalimu mnamtetea nani hapo.

#21 Bint Makadara

Mjane. Na hata sijakirudia.